Wegesa Alivyorudisha Ng'ombe

Ukimwuliza Wegesa kwao walizaliwa wangapi, alikujibu bila kucheka: "Tulizaliwa wawili. Mvulana mmoja na ng'ombe kumi na mbili." Wageni sokoni Musoma walidhani huo ni utani wa wauza samaki, wakacheka. Waliomjua waliendelea kuchagua kamongo wao, maana Wegesa akianza habari za kwao hata bei ya samaki ilipanda.

Mvulana alikuwa kaka yake, Mseti. Ng'ombe alikuwa yeye.

Baba yao, Mwikwabe, hakuwa mtu katili. Hilo lisemwe mapema, asije mtu akadhani alikuwa zimwi. Alikuwa na shamba la mtama na mihogo chini ya vilima vya upande wa Butiama, mgeni hakutoka kwake na njaa, na akilewa aliimba badala ya kugombana. Kasoro yake ilikuwa moja. Ugonjwa wa ng'ombe ulikuwa umepita na mifugo yake yote, na tangu siku hiyo alipowatazama watoto wake aliwaona kwa jicho la mfugaji. Mseti alikuwa mtoto wa kutoa ng'ombe nje siku atakayooa. Wegesa alikuwa mtoto wa kuingiza. Binti alipokuwa anaanza kuota matiti, wazee waliokuja kunywa pombe walikuwa wakimtazama akipita na mtungi wa maji na kumwambia baba yake, "Hapo una kumi." Mwikwabe alikuwa akijibu, "Kumi na mbili," naye Wegesa, kwa kuwa alikuwa mtoto, alijisikia vizuri.

Aliolewa miaka michache kabla ya Uhuru, na Keraryo, mkulima wa pamba wa upande wa Bunda, mtu mzima mwenye ghala lake mwenyewe. Ng'ombe kumi na wawili wakaingia kwa Mwikwabe. Kabla wiki haijaisha walikwisha kutoka tena, wakapelekwa kwa wazazi wa msichana mmoja anaitwa Shida, na Shida akaja kuwa mke wa Mseti.

Hiyo ndiyo desturi ya kule, na wako wengi walioishi nayo vizuri. Kaka huoa kwa ng'ombe wa dada yake, na kwa sababu hiyo humheshimu dada huyo maisha yake yote. Humpokea akija, humtetea akionewa, na watoto wake humwogopa shangazi kuliko baba. Sehemu ya kwanza ya desturi hiyo Mseti aliipenda sana. Sehemu ya pili ilimpita sikioni.

Keraryo alikuwa anapiga. Hakuna namna nzuri ya kulisema jambo hilo. Alipiga mvua ikikosekana, na alipiga pamba ikipata bei nzuri, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na hela ya pombe. Mwaka wa tatu alimpiga Wegesa akiwa na mimba iliyoanza kuonekana, na mtoto akatoka kabla ya wakati wake. Wegesa alimzika mwenyewe nyuma ya ghala la pamba kwa jembe la palizi. Tumbo lake halikushika tena baada ya hapo. Alipopata nguvu ya kutembea, aliondoka kwenda kwao.

Alifika wiki ya Uhuru. Vijana walikuwa wanapiga ngoma njiani, watoto wanakimbia na vibendera vya karatasi, na kila aliyekutana naye alimpungia mkono kwa furaha. Alimkuta baba yake uani, amevaa koti lake la kwendea barazani.

"Baba, sirudi kule," alisema. "Ataniua."

Akageuka, akateremsha kanga begani. Mwikwabe akautazama ule mgongo. Hakugeuza uso wala hakukana alichokiona. Na hilo ndilo Wegesa hakulisahau mpaka uzee: baba yake aliuona mgongo vizuri kabisa, kisha akaanza kupiga hesabu.

"Ng'ombe za Keraryo ziko wapi?" aliuliza.

"Zilienda kwa kina Shida."

"Na wao wameshaoa nazo, zimetawanyika. Sasa nikikupokea wewe, Keraryo anadai zake. Nitamrudishia nini? Nimtoe Shida kwa Mseti nimpeleke kwao? Ona mtoto wake yule, na tumbo lake lile. Piga hesabu mwenyewe, uniambie."

"Mimi ni mtoto wako, Baba."

"Na Mseti ni mtoto wa nani? Vumilia. Wanawake wote wanapigwaga."

Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Ungeipiga kutoka juu au kutoka chini, jibu lilikuwa lile lile: mgongo wa binti upande mmoja, nyumba ya kaka upande wa pili, na nyumba ya kaka ikazidi. Kesho yake Mseti alichukua fimbo, akamrudisha dada yake kwa Keraryo. Alitembea nyuma yake njia nzima, kama mtu anayepeleka mnyama mnadani. Walipofika, Keraryo alifurahi, akampa Mseti jogoo mwekundu kwa usumbufu alioupata. Mseti alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akamshukuru shemeji yake, akaondoka bila kumwambia dada yake kwa heri.

Wegesa alisimama mlangoni akamtazama kaka yake anavyopungua njiani na yule jogoo kwapani. Hapo ndipo alipokata shauri. Baba yake na kaka yake watamlipa, na watalipa kwa hesabu yao wenyewe, ile waliyoipenda.

Msimu wa kuuza pamba ulipofika alidandia lori lililokuwa linapeleka marobota Musoma, akashuka mjini na kanga mbili. Aliyempokea alikuwa mjane wa Kiislamu, jina lake Kudura, aliyekuwa anabanika samaki mtaa wa Kamunyonge. Kudura alikuwa na damu ya Ujiji, ya Bukoba na ya visiwani, na mwenyewe alisema hajui ni ipi iliyozidi. Alimkuta Wegesa amekaa karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hajala.

"Kwangu kuna moshi na kazi," alimwambia. "Ukiuweza moshi, karibu."

Wegesa aliuweza. Alijifunza kupasua kamongo bila kutoboa nyongo, kuwapanga samaki wanaoitwa ningu juu ya wavu, kujua kwa harufu kama kuni zimeanza kuunguza. Macho yake yakawa mekundu moja kwa moja. Kudura hakumwuliza mengi, na kwa Wegesa huo ulikuwa wema mkubwa kuliko chakula.

Keraryo alikwenda kwa Mwikwabe mara mbili kudai. Mara zote mbili Mwikwabe alimjibu, "Mke wako nilikurudishia mkononi. Umempoteza mwenyewe, mtafute." Basi ikabaki hivyo hivyo. Wegesa yuko Musoma, lakini kwa desturi ni mke wa Keraryo bado, maana ng'ombe hawajarudi. Nchi ilipata uhuru, ikapata jamhuri, ikapata Azimio. Yeye aliendelea kuwa mali ya mtu wa Bunda.

Kila alipopata hela ya kutosha alikwenda mnadani, akanunua mtamba. Aliwawekesha wote kwa Silasi, Mkristo mmoja wa Nyegina asiye na maneno mengi. Silasi alikamua na kunywa maziwa. Ndama waliozaliwa walikuwa wa Wegesa. Kudura hakuelewa.

"Mdogo wangu, jenga nyumba," alikuwa akimwambia. "Ng'ombe za nini mtu anayekaa mjini?"

"Za kununua watu, dada."

"Watu gani tena?"

"Watu wangu."

Kudura alimtazama yale macho mekundu, akaona bora aendelee kupuliza moto.

Miaka kumi na zaidi ilipita namna hiyo. Ng'ombe walipotimia, Wegesa alituma maneno kwa Keraryo kwamba aje kwa Mwikwabe achukue mali yake. Akawatoa ng'ombe kumi na wawili kwa Silasi, wazuri, wenye nundu zilizosimama, akaja nao mpaka uani kwa baba yake. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kukaa, na aliyeongoza kikao alikuwa mzee Enoka, binamu yake Mwikwabe, mtu wa kusema kidogo na kukohoa sana.

Kwa kawaida anayerudisha ng'ombe ni yule aliyewapokea. Mzazi hurudisha, hata kama atakopa, hata kama binti atamsaidia. Wegesa alisimama katikati ya wazee.

"Baba," alisema, "hizi hapa ng'ombe za kunitoa kwa Keraryo. Nimezitafuta mwenyewe, ziko zote. Lakini nakuomba mbele ya wazee, weka na wewe hata ndama mmoja. Au kaka aweke."

Mseti alicheka. Siku hizo alikuwa amenenepa, watoto wake wanakua, zizi lake limeanza kujaa. "Ndama wa nini sasa? Si umeshaleta zote? Wewe una hela za samaki."

"Mwikwabe," alisema mzee Enoka, "weka hata mbuzi. Nakwambia kama mwenzako."

"Mbuzi zangu zina kazi," alijibu Mwikwabe. Aliona amepona kabisa. Deni lililomkosesha usingizi tangu zamani lilikuwa linaondoka uani kwa miguu yake lenyewe, naye hajatoa hata unyoya.

Wegesa aliinamisha uso asionekane. Alikuwa anaogopa kwamba baba yake angekubali. Ndama mmoja tu angeharibu kila alichokipanga miaka yote hiyo. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia hata Kudura: ndama huyo mmoja, kama angetolewa, angemfanya apige magoti na kulia kama mtoto, na pengine angesamehe yote hapo hapo. Hakutolewa. Keraryo alihesabu ng'ombe wake, akaondoka nao. Wegesa mwenyewe alinunua mbuzi akachinjwa, na baba yake na kaka yake wakala nyama mpaka mafuta yakawatiririka viganjani. Wakamsifu kwamba ni mwanamke anayeshinda wanaume. Yeye alisubiri.

Haukupita muda mrefu, ikaja ile amri ya watu kuhamia vijijini. Kina Mwikwabe walibomoa maboma yao, wakajenga upya katika mstari mmoja na majirani, nyumba ikiitazama nyumba. Shamba la kijiji likalimwa kwa zamu, na katika mikutano kila mtu aliitwa ndugu, hata wale waliokuwa hawasalimiani. Mwaka huo huo binti mkubwa wa Mseti, Nyangi, alipata mchumba. Alikuwa kijana wa Bunda anaitwa Pastory, wa familia yenye pamba na ng'ombe wengi. Mwenyewe Nyangi alikuwa amemwona mara moja tu, akasema ni sawa.

Mseti alikuwa na mipango na ng'ombe wale. Alikuwa ametafuta mke wa pili, binti mbichi, na kijiji kizima kilijua. Alikuwa amemjengea nyumba, ameiwekea mlango wa bati, amenunua na kitanda. Kilichobaki kilikuwa ng'ombe wa Nyangi tu, waingie kwa mlango huu, watokee kwa ule.

Siku ng'ombe wa Pastory walipofika, kumi na watano, wazee wamekaa na vibuyu vinazunguka, Wegesa aliingia uani pamoja na Kudura na Silasi. Aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja kwa adabu. Kisha akaomba kuuliza.

"Mseti, mke wako Shida ameolewa na ng'ombe za nani?"

"Zako wewe, dada," alisema Mseti, tena kwa uchangamfu. "Nani asiyejua?"

"Sio zangu. Zilikuwa za Keraryo, na Keraryo amerudishiwa. Aliyemrudishia ni nani?"

Mseti akaanza kuona njia ilikokuwa inaelekea.

"Nauliza wazee. Siku ile mmekaa kwa baba, mmekula na mbuzi. Baba aliweka ngapi?"

Kibuyu kilichokuwa kinazunguka kikasimama.

"Mseti aliweka ngapi?"

Mzee Enoka akakohoa kwa muda mrefu. "Hawakuweka kitu," alisema. "Nilimwambia aweke hata mbuzi."

"Basi Shida yuko kwenye nyumba ya ng'ombe zangu mimi. Nyangi amezaliwa kwenye nyumba yangu. Hizi ng'ombe za Nyangi ni zangu, na za wadogo zake wakiolewa zitakuwa zangu. Kama nimekosea hesabu, mnisahihishe."

Hawakuweza kumsahihisha. Kule kwao mwanamke mwenye ng'ombe zake huweza kuoa mke akawa mwenye nyumba, na watoto wa humo wakawa wake, na wazee wote walikuwa na jirani au shangazi aliyefanya hivyo. Balozi wa nyumba kumi alijaribu kusema kwamba katika ujamaa mali ya ndugu isigombaniwe. Wegesa akamwambia kama ni hivyo na yeye balozi alete ng'ombe zake zichanganywe, na balozi akakumbuka ana mkutano mahali pengine. Wazee walijitenga nyuma ya nyumba. Walirudi wakiwa hawamtazami Mwikwabe.

"Ni za kwake," alisema Enoka.

Mseti alimfuata dada yake mpaka katikati ya ng'ombe. "Dada," alisema. "Dada yangu. Nitaonekanaje? Binti wa watu anangoja. Niachie hata nusu."

"Nakumbuka kuna jogoo ulipewa," alisema Wegesa. "Kaolee huyo."

Alifurahi. Tusimpambe kwa kusema roho ilimwuma. Haikumwuma hata kidogo. Alimwona Mseti amesimama na mikono mitupu mbele ya majirani mstari mzima, akamwona baba yake amekaa kwenye kigoda na mdomo wazi, na akasikia tumboni joto zuri ambalo alikuwa amelingoja tangu ujana wake. Yule binti wa mke wa pili aliolewa na mtu mwingine kabla ya mavuno, na nyumba yenye mlango wa bati ikawa ya kuku.

Walipokuwa wanawatoa ng'ombe kijijini, Nyangi aliwakimbilia nyuma. Alikuwa amekwisha kupakwa mafuta na kuvishwa shanga za siku hiyo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Rudi, wanakungoja."

"Nilikuwa nauliza tu." Msichana hakuwa na hasira wala machozi. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. "Siku Pastory akinipiga nikakimbia, nikimbilie wapi? Baba hana kitu cha kumrudishia. Ng'ombe unazo wewe."

Wegesa akamnyooshea shanga shingoni. "Nenda," alisema. "Utachelewa."

Njia yote mpaka Nyegina aliwachapa ng'ombe bila sababu, na Silasi akamwomba awaonee huruma. Alimkasirikia kwanza yule mtoto kwa kuuliza. Kisha akajikasirikia mwenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa amepiga hesabu ya kila kitu, na hilo hakuwa amelihesabu. Alikuwa amekwenda kumnyang'anya kaka yake ng'ombe, na kumbe amemnyang'anya na baba yao kiti chake. Anayepokea ng'ombe wa binti ndiye binti atakayekuja kugonga mlangoni kwake.

Alikuwa amepatana na Twalib, mchinjaji wa mjini, kwamba wale ng'ombe atawachukua wote. Hela ingetosha nyumba ya mawe Kamunyonge na mabati yake, na kinachobaki angenunulia nyavu za kukodisha. Twalib alikwenda Nyegina na kamba zake tayari, akakuta Wegesa amebadilika.

"Siuzi," alimwambia.

"Si tulielewana, mama?"

"Nimesema siuzi. Hata mmoja."

Twalib alimtukana kidogo, kwa haki kabisa, akaenda zake. Kudura alipouliza kulikoni, Wegesa alimjibu kwa ukali kwamba ng'ombe ni zake na anaweza kuzitazama tu kama watu wanavyotazama ziwa. Wakaendelea kulala katika chumba kile kile cha udongo, mvua ikivuja pembeni, na ng'ombe wako Nyegina wanazaana. Mseti alituma watu mara tatu kuomba mtamba mmoja. Alijibiwa matusi mara zote tatu.

Nyangi alikuja mwaka wa pili. Alitokea sokoni mchana, jua kali, amebeba mtoto wa kike mgongoni na mkono wake wa kushoto ameufunga kwa kitambaa, umevimba mpaka kwenye kiwiko. Alisimama mbele ya meza ya samaki kama mteja. Wegesa alimtazama ule mkono. Hakumwuliza kitu. Alinawa, akajifuta kwenye kanga, akamwambia Kudura, "Mpeleke hospitali. Niangalizie na samaki." Akaenda kupanda gari la Nyegina.

Angeweza kuwapeleka ng'ombe moja kwa moja mpaka Bunda, wakabidhiwe kina Pastory, yakaisha. Hakutaka. Alituma maneno kwamba kikao kitakuwa kwa Mwikwabe, na kwamba Mwikwabe na Mseti wasikose. Mseti aliposikia kuna ng'ombe wanakuja nyumbani alivaa shati lake jeupe. Alidhani dada yake amezeeka, moyo umelainika.

Pastory alikuja na baba zake wadogo wawili. Hakuwa amelewa, wala hakuwa na sura ya mtu mbaya. Alikuwa kijana wa kawaida aliyeambiwa tangu utoto kwamba mke ni ng'ombe zake. Mzee Enoka, ambaye sasa masikio yalikuwa yanamchezea, aliomba kila mtu aseme kwa sauti.

"Ng'ombe zenu kumi na tano hizi hapa," alisema Wegesa. "Zihesabuni. Nyangi harudi."

Baba mdogo mmoja wa Pastory akasema kuna na suala la mtoto. Wazee wakakubaliana haraka, maana hilo lina kawaida yake. Mtoto akienda kwa baba yake, hupunguzwa ng'ombe wanne katika wale wanaorudishwa. Hao wangebaki kwa Wegesa. Lakini mama akitaka kuondoka na mtoto, basi warudi wote.

"Abaki kwao!" Mseti alidakia. "Ni mtoto wa kike mmoja tu, atakulia kule. Ng'ombe nne, dada! Mbili zako, mbili unanipa mimi. Hata baba atapata maziwa."

Nyangi alikuwa amekaa chini, mkono umefungwa kwa plasta. Ule mkono wake mzima alikuwa amemzungushia mtoto mpaka mtoto akaanza kulia kwa kubanwa.

"Zote," alisema Wegesa.

"Sijasikia," alisema Enoka.

"Zote! Zichukueni zote. Mtoto anaondoka na mama yake."

Wakawahesabu. Wegesa alisimama kando, na kila mmoja aliyepita alimjua: huyu ndiye angekuwa mabati, huyu nyavu, huyu angekuwa uzee wa kupumzika. Ndama waliozaliwa alikwisha kuwauza ili kulipa hospitali na kumshukuru Silasi kwa utunzaji wake. Mseti aliwafuata mpaka barabarani na shati lake jeupe, akawatazama mpaka vumbi likatulia. Alirudi ana uso wa mtu aliyefiwa. Wegesa alimtazama kwa raha, akamwacha, akamgeukia baba yake.

"Umeona, Baba?"

"Nimeona," alisema Mwikwabe.

"Mimi sikukuita uje kugawana. Nimekuita uone vile inafanywa. Mtoto anakuja amepigwa, unatoa ng'ombe, anakaa. Basi. Ni kitu cha asubuhi moja."

Wazee walikuwa wanaangalia chini. Mwikwabe alijibu kwa sauti ndogo ambayo Enoka hakuisikia.

"Wegesa, mwanangu. Tulikuwa maskini."

"Na mimi sasa ni maskini," alisema Wegesa.

Akamchukua yule mtoto, akamfunga mgongoni kwake, akamshika Nyangi kwa ule mkono mzima. Wakapita katikati ya wazee, wakafuata njia ya kwenda kungoja basi la Musoma. Nyuma yao Wegesa alimsikia baba yake akianza kulia, naye akamwacha alie.